Kiti cha Nyuma Kabisa

Kesho saa nane mchana nitashika maiki mbele ya watu wasiopungua mia nne, mimi Bernadetha, Mama Theodora, muuza mitumba wa Kiboriloni, ambaye kusema mbele za watu kwangu ni kubishana na wateja tu. Nitasimulia historia ya marehemu wifi yangu, Mwalimu Eliaichi. Ukoo umenichagua kwa sababu nilifuatana naye misibani miaka kumi na minane. Wanasema nimeiona kazi. Kuona nimeona, jamani, tena zaidi ya nilivyotaka. Wacha niisimulie hapa kwanza, yote kama ilivyo, nijue kama mdomo utakubali.

Kwetu huku mlimani msiba bila historia ya marehemu haujawa msiba. Jeneza likishawekwa chini ya turubai na kwaya ikishaimba, mtu wa familia anasimama na karatasi: alizaliwa lini, alisoma wapi, alioa nani, alianza kuumwa lini. Dakika tano, watu wanasinzia, imekwisha. Eliaichi hakuwahi kushika karatasi. Alifundisha darasa la pili miaka thelathini na moja, na aliwasimulia marehemu vilevile alivyowasimulia watoto habari za fisi na sungura, kwa sauti, kwa mikono, na kwa kunyamaza pale pa kunyamaza. Mara ya kwanza ilitokea tu. Aliyepewa karatasi alizidiwa na kilio, Eliaichi akainuka kumwokoa. Tangu siku hiyo kila mwenye msiba, kuanzia Uru mpaka Kahe kule chini kwenye mpunga, akawa anatuma mtu: tuleteeni Mwalimu.

Siku mbili kabla ya mazishi alikwenda kwenye nyumba yenye msiba, akaomba kukaa pale marehemu alipopenda kukaa, iwe jikoni, iwe zizini. Maswali yake sasa! Alivua kiatu cha mguu upi kwanza? Ng'ombe wake alimwita nani? Akikasirika alikwenda kujificha wapi? Watu wanamwambia, Mwalimu, si useme tu alikuwa mcha Mungu. Anajibu, "Wacha Mungu ni wengi. Huyu alikuwa nani?" Na akikuta miaka ambayo hakuna anayeijua, au hakuna anayetaka kuisema, alikuwa na sheria moja. "Wifi, pengo lisizibwe kwa uongo. Sema hapa pana pengo, upite."

Sharti lake jingine lilikuwa kiti. Nyuma kabisa, karibu na nguzo ya mwisho ya turubai, kiachwe kiti kimoja wazi, kile cha plastiki cha kawaida. Nilimuuliza ni cha nani. "Cha mwenyewe," akasema. Nikadhani ni cha mwenye msiba.

Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya kiti hicho na kumpa ishara. Nikishika kichwa, apandishe sauti, haifiki. Nikishika kidevu, apunguze, spika zinakoroma. "Ninyi Wakatoliki mmezoea kusimama na kupiga magoti," alinitania. "Nenda kasimame huko nyuma." Nami nikamjibu kwamba Walutheri bila Mkatoliki wa kuwasahihisha watapotea wote.

Nilianza kuelewa habari ya kiti Kahe, kwenye msiba wa mzee mmoja anaitwa Wenseslaus. Familia ilikuwa imemwomba asitaje mtoto mmoja wa nje. Eliaichi akakubali, shingo upande. Alipofika kwenye watoto akataja watano, na kile kiti kando yangu kikaanguka. Upepo hapakuwa. Nikakisimamisha, kikaanguka tena. Mara ya tatu nilikishika kwa mikono miwili, na wallahi, hata kama mimi si wa kusema wallahi, kilikuwa kinanisukuma. Eliaichi kule mbele akatazama huku nyuma, akasema kwenye maiki, "Nimekosea. Watoto ni sita. Wa sita anaitwa Tabitha." Minong'ono ikapita, mama mmoja akainuka akaondoka. Na kiti kikatulia. Ardhi ya pale ilikuwa imeloa maji ya mifereji, nikaona miguu minne ya kiti inazama kwenye tope, taratibu, kama mtu mzima anapokaa. Eliaichi akainamisha kichwa akasema, "Aika."

Aika ni asante ya Kichagga. Kila historia aliimaliza kwa neno hilo, watu wakidhani anawashukuru wao kwa kumsikiliza. Masikini! Haikuwa yao. Ilikuwa ya yule aliyekaa.

Sasa nije kwa Shedrack, maana bila Shedrack hakuna historia ya Eliaichi. Alikuwa mtoto wake wa pekee, baba yake alifariki mapema. Alipanda mlima kama mgumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita. Mwaka 2012, mwezi wa kumi na moja, walikuwa wanashuka na mizigo, ukungu ukawakuta. Shedrack akarudi nyuma kumfuata mwenzake aliyechelewa. Mwenzake alifika kambini. Yeye hakufika. Walitafuta siku kumi na mbili, hawakupata hata glovu.

Eliaichi hakulia. Niliingia jikoni kwake nikamkuta anamenya ndizi, akaniambia bila kuniangalia: "Marehemu huwa wanakuja, wifi. Wanasimama nyuma, pale unaposimama wewe, wanasikiliza. Kila mmoja anakuja kwenye historia yake tu. Ikisemwa sawasawa, anakaa, nami simwoni tena. Isiposemwa, anabaki amesimama." Nilikumbuka Kahe, sikubisha. Nikamwambia, basi msimulie Shedrack, ujue moja. Akiwepo, amekufa. Asipokuwepo, yuko hai mahali. Akaweka kisu chini. "Na nikimwona?" akasema.

Ndivyo akakaa miaka saba. Akasimulia wafu wa watu wengine, wake akamfungia mdomoni. Brenda, mke wa Shedrack, alikuwa na miaka ishirini na sita mume alipopotea. Si mke, si mjane. Mwisho ukoo ukasema inatosha, izikwe alama ya mtu: mgomba ukatwe kihambani, shamba la nyumbani, uvalishwe shati lake, uwekwe kwenye sanduku, historia isomwe, mtoto wa watu awe huru. Mchungaji alisema kanisa haliziki migomba. Hata hivyo alikuja, bila joho, kama jirani. Eliaichi akakubali kwa ajili ya Brenda. Mimi najua pia alikuwa amechoka kutokujua.

Ilikuwa Januari, jua linawaka, Kibo nyeupe pee juu ya migomba. Eliaichi akashika maiki, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Poleni na ukungu, ndugu zangu. Leo umeshuka sana." Watu wakatazamana. Wingu lenyewe halikuwepo. Nikashika kidevu kumwambia apunguze sauti, hakupunguza. Nikasema moyoni, leo ana kiburi, mwache.

Alimsimulia mwanawe, mwe! Jinsi alivyozaliwa ametanguliza miguu. Jinsi alivyoogopa kuku mpaka darasa la nne, mtu aliyekuja kubeba mizigo mawinguni. Jinsi alivyopiga mluzi kabla ya kufungua geti, ule mluzi wa juu kisha chini, mama yake ajue aweke chai. Watu walilia, wakacheka, wakalia. Akafika kwenye ule ukungu wa mlimani. Hapo nikasikia mluzi getini, juu kisha chini. Nikasema moyoni ni kijana fulani hana adabu.

Kisha ubavu wangu wa kushoto ukawa baridi, kama mtu amefungua friji. Sauti ikasema, "Shikamoo, Mama Theodora."

"Marahaba," nikajibu kabla sijageuka. Ndivyo tulivyolelewa.

Nikageuka. Alikuwa Shedrack, amesimama kando ya kiti, kijana vilevile kama siku aliyoondoka. Suruali imelowa mpaka magotini. Glovu moja tu. Alinukia mafuta ya taa na sufu mbichi. Alikuwa anatazama sanduku kule mbele.

"Ni msiba wa nani?" akaniuliza.

Nilishika kichwa, nikashika kidevu, nikapunga mikono yote miwili juu kama mtu anayefukuza nyuki. Eliaichi akageuza uso huku nyuma, akatutazama sisi wawili moja kwa moja. Muda mrefu. Naye Shedrack akasema, kwa sauti ya mtoto aliyeachwa shuleni, "Mbona mama ananitazama hanioni?"

Na Eliaichi akatabasamu. Sijapata kuona tabasamu lile tena. "Hayupo!" akapiga kelele kwenye maiki, spika zikalia. "Ndugu zangu, mwanangu hayupo! Yuko hai!" Akaiweka maiki juu ya sanduku. Hakusema aika.

Walidhani ni uchungu umempanda. Wanawake wakamkimbilia kumshika, yeye anacheka, anawakumbatia. Akakataa sanduku lisishuke. Shimo likafukiwa tupu, pale kihambani, mpaka leo ni tuta lisilo na mtu. Mgomba tukawakatia ng'ombe. Hawakuugusa.

Jioni, watu wakiwa wamepungua, alinivuta kwenye tangi la maji. "Wifi, wewe ulikuwa nyuma. Kiti kilizama?"

"Hakikuzama," nikasema. Na hiyo ni kweli tupu. Alikuwa amesimama.

"Ulimwona mtu?"

Miaka saba sikuwa nimemwona akicheka. Nani angesema? Sema wewe, kama una moyo huo. Nikasema, "Hapakuwa na mtu, wifi." Akanimiminia chai, akanimwagia mkononi, kikombe kiko pembeni kabisa. "Ukungu umeingia mpaka ndani," akasema. Nikamsogelea, nikamtazama machoni. Mboni zilikuwa kijivu, kama maji ya kuoshea mchele. Mtoto wa jicho, yote mawili. Ndiyo maana hakuona ishara zangu. Miezi mingapi alikuwa anatudanganya kwamba anaona! Jina hilo nimelichukia. Mtoto wa jicho ndiye aliyemficha mtoto wa tumbo lake.

Mtoto wa jicho hutolewa, kila mtu anajua. Hapo ndipo dhambi yangu ilipoota mizizi. Angefunguliwa macho angeweza kumsimulia Shedrack tena, na angemwona. Na angejua nilimwambia nini kwenye tangi. Nikaanza sababu. Subiri mvua ziishe. Subiri kahawa ivunwe. Mwaka juzi madaktari wa macho walikuja zahanati yetu, kwa siku moja tu, Jumatano. Akanituma nimuulizie siku. Nikamwambia Alhamisi. Alhamisi tukaenda, yeye amevaa gauni la kanisani, tukakuta mlango umefungwa na mfagizi anamwaga maji. "Basi, si bahati yangu," akasema. Akanishika mkono tukarudi. Mungu wangu, alinishika mkono.

Alibaki anasimulia hivyohivyo, bila macho. Tuliweka mbinu mpya: kiti kikizama nakiona mimi, nabipu simu yake, inatetema mfukoni, anasema aika. Brenda alisubiri mwaka mmoja tena, kisha akaondoka kwenda Arusha bila kuagwa na ukoo wala kubarikiwa. Eliaichi kila Jumapili aliweka sahani ya ziada mezani, akila kwa furaha. Watu walisema Mwalimu amebarikiwa uzee mwema.

Na mimi kila msiba nilikuwa na mwenzangu. Marehemu wa watu sikuwahi kuwaona hata mmoja, viti vyao tu vikizama. Lakini huyu nilimwona. Historia ikifika katikati, ubavu wa kushoto unapoa. "Shikamoo, Mama Theodora." Marahaba. "Ni msiba wa nani?" Namwambia, ni wa mzee fulani, ni wa mama fulani. Alikuwa hakai, hana kiti, historia yake ilikatwa kabla ya mwisho. Nilijaribu kusimama upande wa pili wa nguzo, akahamia upande huo. Nilijisingizia mgonjwa, Eliaichi akasema bila mimi haendi. Mwaka jana pale mtaa wa Soweto, kwenye msiba wa mama muuza maziwa, nilipomtajia jina la marehemu hakunyamaza kama siku zote. Aliuliza, "Wangu lini?"

Nilibipu simu kabla ya wakati ili iishe haraka. Eliaichi akasema aika wakati kiti bado hakijazama, na yule mama wa maziwa sijui kama alikaa.

Wiki tano zilizopita Eliaichi alitoka kwenda kukatia ng'ombe majani. Kuna mfereji wa zamani unapita kihambani, tangu enzi za babu, ameuruka tangu utotoni. Mvua ilikuwa imemega ukingo. Mtu mwenye macho angeona. Tulimkuta amelala ndani ya maji, nyonga imevunjika, anatetemeka. Hospitali alikaa wiki nne. Jumanne akafariki. Daktari alisema ni mapafu. Mimi najua ni Alhamisi.

Siku mbili kabla, aliniita karibu. Sauti ilikuwa imebaki kidogo. "Utanisimulia wewe," akasema. Nikamwambia, wifi, mimi sina mdomo huo, watafute mwingine. "Wewe. Na pengo usilizibe." Kisha akageukia ukuta.

Kwa hiyo ninyi mnaona nilipokwama. Kesho nikisimama nikasema alikuwa mwalimu hodari, mama mwema, mzee mwenye furaha, watu watapiga makofi, na yeye atakuwa amesimama nyuma pale nilipozoea kusimama mimi, na macho huko aliko hayana ukungu. Ataona ni nani amesimama kando yake. Watabaki wamesimama wote wawili, kila msiba, mama na mwana, mpaka nami nife, na kisha nani atanisimulia mimi? Au niseme yote, mbele ya mume wangu Eliudi ambaye ni kaka yake wa tumbo moja, mbele ya Brenda ambaye nimesikia anakuja, mbele ya mchungaji: kwamba Shedrack alikuja, kwamba nilimwona, kwamba nilimnyima mama yake macho kwa kumtajia siku ya uongo. Hao watu baada ya hapo watanisalimia?

Naogopa. Sioni haya kusema. Sijalala vizuri tangu Jumanne, na sala zangu zote rozari inakatikia katikati.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Godwin wa viti, Soweto. Ndiye anayetukodishia turubai na viti tangu mwanzo, hata ile siku ya mgomba viti vilikuwa vyake. Nilimkuta anafuta vumbi, akaniamkia, akanipa pole. Nikamtajia turubai nne, viti mia nne, spika mbili. Akawa anaandika. Nilikuwa sijaamua kitu, nawaambieni kweli, mpaka nilipofungua mdomo.

"Na nyuma kabisa, nguzo ya mwisho," nikasema, "uache viti viwili wazi."

Kalamu ikasimama. "Viwili?"

"Godwin, masikio nayo umeyakodisha? Viwili!"

Aliweka daftari chini, akavua kofia. Akasema Mwalimu alimpigia simu akiwa wodini, kwa simu ya nesi. Alimwambia hivi, na Godwin aliyarudia neno kwa neno kama mtoto wa darasa lake la pili, maana kweli alimfundisha yeye: "Wifi yangu atakuja kukodi viti. Akikuomba kimoja kiachwe wazi, mpe kimoja, usimwambie kitu, mwache. Akikuomba viwili, mwambie: aika."

Alijuaje? Pengine ni ule mluzi. Macho yalikufa, masikio hayakufa. Pengine alijua siku ileile, akaniachia niseme mwenyewe, nami nikakaa kimya miaka yote hiyo nikimshika mkono barabarani. Nilikaa juu ya rundo la turubai nikalia kwa sauti, mpaka wapita njia wakachungulia, na Godwin akaniletea maji kwenye kikombe cha chai.

Viti vitafika saa tatu asubuhi. Nitaanzia na Alhamisi.